Siku Baba Alipokata Potasiamu

Juzi mjukuu wangu alikuwa barazani akijisomea kwa sauti, maana ana mtihani wa kemia. "Lithiamu, sodiamu na potasiamu," akasoma, "ni metali laini ambazo huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa." Akajikuna kichwa kwa penseli, kisha akaniuliza bila kutegemea jibu, "Sasa Bibi, kitu cha maana kama hicho kwa nini wakiloweke kwenye mafuta ya taa?"

Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia ni kwa sababu metali hizo zikikutana na hewa zinaungana na oksijeni iliyomo, hazisubiri hata kuwashwa. Nikamwambia pia kwamba potasiamu ikikaa sana inaota ganda la manjano, na ukiiona imeota ganda hilo usiipelekee kisu hata kwa amri ya nani. Akanitazama kama mtu aliyesikia ungo unaongea. "Umejuaje, Bibi?" Nikamwambia aendelee kusoma. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Wewe nitakueleza, maana umri wetu mmoja, na wewe hutaniuliza Mwingereza ni nani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sayansi kwenye shule moja ya wavulana mjini Tanga. Ilikuwa miaka ya hamsini, na Waafrika waliofundisha sayansi walikuwa wa kutafuta kwa taa. Alitoka Usambara, mtoto wa wakulima, Mlutheri mwenye sauti ya besi iliyotikisa mabenchi ya kanisa. Shule ilitupa nyumba Chumbageni, vyumba viwili na jiko la uani. Asubuhi niliamshwa na harufu ya vibibi vya mchele vya jirani yetu, bibi mmoja wa Kidigo aliyevipika kwa tui zito na hiliki akiwauzia wapita njia. Jioni upepo ukigeuka ulileta harufu ya maji ya mkonge kutoka mashambani, harufu mbaya kabisa.

Kazi yangu nyumbani ilikuwa vyombo. Nilisugua masufuria kwa jivu na kumbi la nazi mpaka vidole vikachubuka, na baba akipita aliinama akachota jivu kidogo kiganjani, akanionyesha kama mtu anayeonyesha pete. "Unajua umeshika nini? Humu mna potasiamu. Haionekani kwa sababu imeshikamana na vitu vingine, lakini imo." Siku mchuzi wa samaki ulipofurika na moto wa kuni ukawaka manjano, aliita kutoka chumbani, "Sodiamu hiyo! Sodiamu ya chumvi!" Mama akamjibu, "Ni mchuzi wangu huo unaomwagika, Mwalimu." Yeye alimwita Mwalimu hata faraghani.

Jumamosi alinichukua kwenda naye shuleni kupangusa kabati la kemikali. Sikujua wakati ule kwamba watoto wa kike hawakutakiwa mle ndani. Rafu ya juu ilikuwa na chupa tatu pana, na ndani ya mafuta yake mlikuwa na vipande vya kitu kama mawe yaliyofifia. Baba alikitoa kipande cha sodiamu kwa kibanio, akakifuta mafuta kwa karatasi, akakikata kwa kisu. Kilikatika kama halua. Pale kilipokatwa palimeremeta kuliko kioo, nami nikisogeza uso nijione, mng'ao ulikuwa umeshaanza kufa. Ukawa kijivu mbele ya macho yangu.

"Imeshaonja hewa," baba alisema. Hilo ndilo neno lake, na wanafunzi wake walimwiga kwalo. "Sodiamu ina njaa ya oksijeni. Potasiamu ina pupa."

Kisha aliwasha vipande, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya choroko, juu ya kijiko cha chuma. Lithiamu iliwaka nyekundu. Sodiamu iliwaka manjano kali, uso wa baba ukabadilika ukawa kama wa maiti, nikacheka. Na potasiamu iliwaka zambarau. Nimeona vitambaa vya zambarau, maua ya zambarau, na mawingu ya milimani jua likizama, lakini rangi ile sijaiona tena. Alinieleza kwamba kinachobaki kijikoni baada ya moto si metali tena, ni metali iliyoshika oksijeni, na kwamba potasiamu hujibebesha oksijeni kupita kiasi. "Ndiyo maana usiiamini ikizeeka," alisema. "Hujibebesha hata bila moto, taratibu, ndani ya chupa. Ukiikata hapo, ule mzigo wote inauachia kwa mara moja."

Kwa joto la Tanga mafuta yale yalikauka upesi, na vizibo vya chupa havikuwa vya kutegemewa. Baba aliyaongeza kila wiki, na shule ikiishiwa alichukua ya taa yetu. Mama alinung'unika, lakini aliyatoa.

Sasa nikutajie mtu mwingine. Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana wa Kibondei, hajaoa, na kwa sababu hiyo alikula kwetu karibu kila jioni. Alikuja na machungwa ya kwao Muheza kwenye kikapu, akanifundisha kuzidisha kwa kutumia kokwa zake. Mama alimwekea kipande cha samaki chenye nyama. Tukipika bada, ule ugali wa muhogo, alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali, na jirani yetu akamtania kwamba atakayeolewa naye atajuta. Mimi nilimpenda. Nilimpenda kama kaka wa tumbo moja, na sitaficha kwamba nilipanga kuolewa naye mimi.

Mwaka ule tulipanda Usambara kwa likizo ndefu. Ufunguo wa kabati alibaki nao mwalimu mkuu, Mwingereza mrefu aliyependa kila kitu kiwe na tarehe na sahihi, na baba alimwomba mafuta ya chupa zile yaangaliwe. Tuliporudi chupa ya potasiamu ilikuwa imekauka nusu. Vipande vilivyobaki nje ya mafuta vilikuwa vimevaa ganda la manjano lililokoza, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Niliiona kwa macho yangu Jumamosi ile, baba akiwa ameiinua dirishani. Hakuniruhusu kukaribia. Akairudisha juu polepole, akaniwekea mkono begani, tukatoka bila kupangusa chochote.

Jioni ile mwalimu wa hesabu alikuwa mkekani kwetu. Baba hakula. Alimwambia mama kwamba amekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kuiharibu potasiamu yote mbali na watu, na amekataliwa.

"Amesema imekuja kwa meli kutoka Ulaya, haiwezi kutupwa kwa sababu imebadilika rangi. Tena siku ya wazazi imekaribia, anataka wageni waone moto wa zambarau."

"Hukumwambia ni hatari?" mama aliuliza.

"Nimemwambia. Huyu hapa shahidi, alikuwepo."

Mwalimu wa hesabu alikuwa anatoa mwiba mdomoni. "Nilikuwepo," alisema. "Mzungu mkaidi yule. Mwalimu amemweleza vizuri mpaka mimi wa hesabu nimeelewa. Anacheka tu."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika la maji ya kunawa, nikimsubiri amalize.

Siku ya wazazi mama alivaa gauni lake la Pasaka. Jirani yetu naye alikuja, na kanga mpya iliyonukia udi, japokuwa hakuwa na mtoto pale. Alisema amekuja kumwangalia Mwalimu akicheza na moto. Chumba cha sayansi kilijaa wazazi kutoka Mabawa, Chumbageni, na wengine waliotembea tangu alfajiri kutoka mashamba ya mkonge ambako walikuwa vibarua. Mbele kabisa, chini sakafuni, waliketi watoto wadogo, ndugu wa wanafunzi. Palikuwa na afisa mmoja wa serikali na mkewe kwenye viti. Mwalimu mkuu alizungumza Kiingereza, na mwalimu wa hesabu akiwa kando yake akawatafsiria wazazi.

Baba alikuwa hodari siku ile. Alikata sodiamu akaipitisha watu waone ikififia, akawasha lithiamu, akawasha sodiamu, na uso wa afisa ulipogeuka wa maiti watu wakaangua kicheko. Kisha akafunga chupa, akainamisha kichwa kuonyesha kwamba amemaliza. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu akasema kitu. Mwalimu wa hesabu akatafsiri, "Sasa tutaona moto wa zambarau."

Baba akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Alizungumza kwa muda. Mimi Kiingereza sikukijua, ila nilimwona akionyesha rafu ya juu, kisha akionyesha watoto walioketi chini. Wazazi wakamgeukia mwalimu wa hesabu wapate tafsiri. Hakutafsiri. Alitazama viatu vyake. Mwalimu mkuu akacheka, akasema neno fupi, na hilo mwalimu wa hesabu akalitafsiri: "Mwalimu mkuu anasema mwalimu wetu leo ana woga wa wageni."

Watu wakacheka, ndugu yangu. Hata jirani yetu alicheka.

Mwalimu mkuu akanyanyuka mwenyewe, akaishusha chupa, akaifungua, akatoa donge kwa kibanio akaliweka kwenye kigae mezani. Lilikuwa la manjano upande mzima. Akachukua kisu. Hapo baba alisema kwa Kiswahili, kwa ile besi ya kanisani, "Watoto, simameni! Wote ukutani! Ukutani, nimesema!" Watoto wakakimbia. Akamshika Mwingereza mkono mbele ya wageni wake wote, akamnyang'anya kisu, akamsukuma nyuma kwa bega. Nadhani alitaka kulirudisha lile donge kwenye mafuta. Alikiegemeza kisu ubavuni mwa donge ili alisukume kwenye kibanio. Ninavyoelewa sasa, ncha ililiparua ganda.

Sikusikia mlio kama watu walivyousimulia baadaye. Nilisikia kifua changu kikigongwa. Kisha moshi mweupe, vigae, mama akipiga ukelele, na zambarau. Ndiyo, iliwaka, kwenye mafuta yaliyomwagika mezani, zambarau ileile. Baba alikuwa amesimama na mikono yake usoni.

Jicho moja lilikwenda siku hiyohiyo. La pili lilimbakizia mwanga wa kutofautisha mlango na ukuta, na baada ya muda hata huo ukaisha. Vidole vya mkono wa kushoto vilibaki viwili. Hakuna mtoto aliyepata hata mkwaruzo. Mwalimu mkuu alikatwa kidogo sikioni na kigae.

Baba akiwa bado hospitalini liliitwa baraza la kuchunguza. Lilikaa asubuhi moja tu. Mama alikwenda, akaketi kwenye benchi nje, mimi pembeni yake. Mwalimu mkuu alieleza kwamba mwalimu wa sayansi alitumia kemikali iliyoharibika kwa uzembe wake wa kutoitunza, na kwamba hakupata kumwonya mtu yeyote. Wakaitwa mashahidi, na mwalimu wa hesabu akaingia. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya joto. Walimuuliza kama alipata kumsikia mwenzake akitoa onyo. Wakamuuliza kwa Kiingereza, kisha karani akarudia kwa Kiswahili ili iandikwe vizuri.

"Sikumbuki," alisema.

Mama alinishika kiwiko akanibana mpaka nikaumia. Mwalimu wa hesabu alipotoka alitupita pale benchini kama watu tusiojuana. Mama hakumwita. Alitema mate chini tu, yeye aliyekuwa akinichapa mimi nikitema mate.

Baba akaachishwa kazi bila kiinua mgongo, na nyumba ya shule ikatakiwa haraka, maana mwalimu mwingine aliihitaji. Huyo mwingine ulishamjua, ndiye aliyekuwa akila samaki wetu. Siku tunafunga mizigo jirani yetu alikuja na vibibi vya njiani vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, akakaa kwenye kizingiti akalia. "Nilicheka mie," alisema. "Mwanangu, nilicheka, na Mwalimu yuko pale anatuombea roho zetu." Mama akamkumbatia. Wale ndio watu wa Chumbageni waliotuaga: mmoja.

Tulipanda treni mpaka Mombo, na kutoka pale lori la kabichi lililokuwa linarudi tupu. Shule yangu iliishia hapo. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wadogo, baba alihitaji mtu wa kumwongoza, na mama alikuwa shambani kutwa. Nilikuwa nimeshajua kwamba oksijeni imo hewani, imo majini, imo kwenye kutu ya jembe. Nilikuwa na maswali ambayo sikuyamaliza. Nikawa fimbo. Asubuhi nampeleka baba juani, mchana namrudisha. Mama alimuuliza siku moja, mbele yangu, kwa nini hakuishia kukataa tu, atoke nje.

"Angekata yeye," baba akasema. "Na watoto walikuwa chini pale."

"Basi angekata! Macho yangekuwa yake!"

Baba akaniambia nimpeleke kwenye mapeasi, akayapapasa moja moja kuona kama yameiva.

Uhuru ulipokuja na kupita kidogo, gari la serikali lilisimama chini ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuposwa. Aliyeshuka alikuwa amenenepa na amevaa suti. Alikuwa ndiye mwalimu mkuu wa ile shule sasa, amekuja Lushoto kwenye mkutano, akaona asipite bila kumsalimu mwenzake. Nilimjua kwa mwendo, ni yule mwalimu wa hesabu. Nikampisha mlangoni bila kufungua mdomo.

Baba akiwa kwenye kiti chake akageuza shingo. "Mbona sijasikia mtu akiamkiwa?"

Nikaanza kupanga vikombe.

"Mwamkie mwalimu," baba alisema.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuweza kuniangalia.

Nilileta chai. Baba alimuuliza habari za Tanga, za walimu, kama ile embe ya uwanjani bado inazaa. Akamuuliza, "Potasiamu mnawaonyesha wanafunzi siku hizi?"

"Hapana, Mwalimu. Kabati lilifungwa tangu siku ile. Tunawaandikia ubaoni."

"Kwa hiyo zambarau hawajaiona."

"Hawajaiona."

"Nunueni mpya," baba alisema, na nikasikia ile hamu yake ya zamani. "Ikiwa mpya haina neno. Kipande kama choroko tu, na mafuta msiyaache yakauke. Usiwanyime watoto kitu kile."

Yule mtu akaweka kikombe chini. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Mwalimu," alisema, "ile siku ya baraza mimi..."

"Kunywa chai," baba akasema. "Inapoa."

"Nataka nikuambie..."

"Inapoa, bwana."

Akainywa. Akaaga akaondoka, na baba hakuuliza kama gari limekwisha shuka. Mpaka leo sijui kama alimhurumia asijidhalilishe mbele yangu au alimnyima kwa makusudi njia ya kuutua ule mzigo. Nilimuuliza, akasema amechoka. Amekufa hajaniambia. Mazishini kwaya iliimba ikikosa besi, na kutoka shuleni hakuja mtu.

Miaka michache iliyopita nilishuka Tanga kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nikachukua bodaboda, uzee huu, nikaenda Chumbageni. Nyumba yetu imevunjwa, pana duka la vifaa vya ujenzi. Kwa bibi wa vibibi pana ghorofa, na vijana niliowauliza hawakupata kusikia habari zake wala za watoto wake. Mashamba ya mkonge mengi yamekuwa vichaka, hata ile harufu mbaya haiji tena na upepo. Nikaenda shuleni. Chumba cha sayansi siku hizi ni stoo ya madawati mabovu. Wamejenga maabara mpya upande wa pili. Nilichungulia dirishani. Ubaoni mlikuwa na hesabu ya mtu, imefutwa nusu. Sakafu ni ileile.

Mlinzi akanijia, kijana mwenye adabu, akaniamkia vizuri. "Unamtafuta nani, Mama?"

Nikafikiri nimtajie jina la baba. Nikaona atalazimika kuniuliza huyo ni nani, alifundisha nini, aliondoka kwa sababu gani, na jibu lililomo kwenye karatasi zao, uzembe, ninalijua.

"Simtafuti mtu," nikamwambia, nikarudi kwenye bodaboda.